Harmony Sovereign H1260 ya 1965: gitaa kuukuu kwa mpigaji wa galatoni

Niseme msimamo wangu mapema. Kwa mtu anayepiga gitaa kavu, lisilo la umeme, lile la galatoni, kwa kidole gumba na kidole cha shahada, ule upigaji wa Katanga ya Kongo, wa magharibi ya Kenya na wa barazani kwetu Tanzania, sijaona gitaa la zamani linalomfaa kuliko Harmony Sovereign H1260 iliyotengenezwa Chicago miaka ya sitini. Sisemi ndilo gitaa bora duniani. Martin na Gibson za umri huohuo, magitaa ya Marekani yenye jina kubwa, zimeundwa kwa ufundi wa juu zaidi, na atakayekuambia vinginevyo ana la kukuuzia. Lakini nimezipiga hizo nazo, na mkono wangu bado unaichagua Harmony.

Langu ni la mwaka 1965. Nililinunua duka dogo la ala za mtumba kaskazini mwa Chicago, mji ninaoishi na kufanya kazi, kwa dola 480. Fundi akachukua dola 550 kulitengeneza. Hesabu ya kweli basi ni dola 1,030, na ndiyo namba ninayotaka uishike, kwa sababu bei ya gitaa kuukuu ina sehemu mbili: ya muuzaji na ya fundi. Muuzaji anakutajia ya kwake tu.

Gitaa lenyewe ni kubwa. Tumbo lina upana wa inchi 16 hivi, na ukilipakata kwenye kiti chenye mikono hutakaa vizuri, tafuta kigoda. Uso ni mbao nzima ya sprusi, mti wa baridi wa jamii ya misonobari, na mgongo na ubavu ni mahogani nzima. Nikisema nzima nina maana ya ubao uliopasuliwa kutoka kwenye gogo, siyo plaiwudi. Kuhakikisha ni rahisi: tazama ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya ubao unayoiona juu ishuke moja kwa moja hadi upande wa ndani. Ukiona tabaka zilizobandikwa, hiyo ni plaiwudi, hata kama muuzaji anaapa.

Halafu washa tochi ya simu na umulike ndani. Mgongoni utakuta mhuri wa namba unaoishia na H1260, na pengine mhuri mwingine mdogo wa wino wenye herufi F au S ikifuatwa na tarakimu mbili. Langu limeandikwa S-65. Tarakimu hizo ni mwaka. Nimeona watu wakiuza magitaa kama haya kwa maelezo ya "miaka ya hamsini" huku mhuri wa 1968 uko wazi ndani, na mnunuzi hakuinamisha hata kichwa kuchungulia.

Kwa nini gitaa lililouzwa kwa bei ya mfanyakazi wa kawaida lilitengenezwa kwa mbao nzima? Harmony ilikuwa kiwanda kikubwa mno. Ilianzishwa hapa Chicago mwaka 1892 na mhamiaji Mjerumani, Wilhelm Schultz. Sears, Roebuck, kampuni iliyowauzia Wamarekani karibu kila kitu kwa katalogi ya posta, iliinunua mwaka 1916, na mwaka 1940 ikaingia mikononi mwa kundi lililoongozwa na Jay Kraus. Mwaka 1964 na 1965, vijana wote walipotaka gitaa kwa sababu ya Beatles na muziki wa folk, Harmony ilikuwa inauza ala kama 350,000 kwa mwaka. Kiwanda kinachonunua mbao kwa wingi huo kinaweza kukupa mahogani kwa bei ndogo, na Sovereign ndiyo ilikuwa ngazi yake ya juu katika magitaa makavu. Kisha magitaa ya bei nafuu kutoka Japani yakajaa madukani, na mwaka 1975 kiwanda kikafungwa. Nimepita Mtaa wa South Kolin, kilipokuwa. Ni eneo la viwanda na maghala, na ninapopita pale huwa najisikia heshima ileile ninayoisikia mbele ya karakana ya seremala mzuri.

Sasa sauti, maana hapo ndipo neno langu lilipo.

Ndani ya gitaa lolote kavu, chini ya uso, kuna mataruma, kama yale ya jahazi: vijiti vya mbao vinavyouzuia uso usikunjike kwa mvuto wa nyuzi. Nyuzi sita za chuma zikikazwa sawasawa zinavuta kwa nguvu ya kilo 70 na ushei, kwa hiyo mataruma si kitu cha kupuuza. Martin walianza kuyapanga kwa umbo la X tangu miaka ya 1840, na magitaa mengi mazuri ya leo yanafuata mpango huo. Harmony waliyalaza kwa upana, moja baada ya jingine, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ilikuwa kazi rahisi na ya haraka kiwandani. Wajuzi wengi wa magitaa wanauona mpango huo kuwa wa kimaskini, na kwa anayepiga kwa kukung'uta nyuzi zote pamoja wana hoja: X inaupa uso uhuru zaidi, noti inakaa muda mrefu, nyuzi sita zinachanganyika na kuwa kitu kimoja kipana.

Mimi sitaki zichanganyike. Katika upigaji wetu gumba linashika besi lake, kwa mwendo usioyumba, na shahada inatembea juu na wimbo, wakati mwingine ikijibizana na besi, wakati mwingine ikilikatiza. Vidole viwili vinafanya kazi ya watu wawili. Noti ya besi ikikaa muda mrefu inaifunika ile inayokuja, na msikilizaji anapoteza mazungumzo. Sovereign inatoa noti kwa nguvu, mara moja, ina ukavu fulani na mkwaruzo mdogo mwanzoni, kisha inanyamaza na kuipisha inayofuata. Na kwa kuwa tumbo ni kubwa, besi haliwi jembamba kama kwenye magitaa madogo ya bei rahisi. Ukipiga pembeni ya tundu, karibu na shingo, unapata besi la duara. Ukisogeza mkono karibu na daraja, kile kibao cha usoni kinachoshika nyuzi, shahada inakuwa kali, inasikika hadi jikoni.

Mzee mmoja mzaliwa wa Likasi, huko Katanga, tunayesali naye, alikuja nyumbani nikampa alishike. Kwanza aliirudia kuityuni kila nyuzi, ingawa nilikuwa nimeshatyuni. Akapiga kwa muda mrefu bila kuzungumza. Nikamuuliza, "Papa, unalionaje?"

"Mwana wangu, hii njo sauti ya kule kwetu," akasema. Kisha akaelekeza kidevu kwenye gitaa langu la kisasa ukutani. "Ile ingine inalia mingi."

Sina maelezo bora kuliko hayo. Na anayesema hivyo anatoka mji ambao zamani uliitwa Jadotville, ambako Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Afrika, alimrekodi kijana mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda mwaka 1952, na upigaji ule wa vidole viwili ukaenea Afrika Mashariki yote. Edouard Masengo na Mwenda mwenyewe waliishi na kufanya kazi Nairobi kwa muda. Magharibi ya Kenya akina George Mukabi walikuwa na omutibo yao, gumba na shahada vilevile, na mwenzake pembeni akikwangua chupa ya soda yenye mistari. Kwetu gitaa la aina hiyo tuliliita galatoni, kwa sababu Gallotone za Afrika Kusini zilikuwa ndizo zinazofika. Baba mdogo alikuwa nalo Korogwe, na vidole vyangu vilianzia hapo. Zilikuwa magitaa ya bei ndogo kwelikweli. John Lennon naye alikuwa na Gallotone Champion mwaka 1957, yenye karatasi ndani inayomhakikishia mnunuzi kwamba halitapasuka, na ndilo alilokuwa nalo siku alipokutana na Paul McCartney kwenye sherehe ya kanisa Woolton, Liverpool. Anayetafuta galatoni halisi leo atafute kwa mapenzi na kumbukumbu. Anayetaka ukavu ule ndani ya gitaa la mbao nzima, lenye shingo inayoweza kurekebishwa, aje kwenye Sovereign.

Jambo moja limepandisha bei yake miaka ya karibuni: watu wamejua kwamba Jimmy Page wa bendi ya roki ya Led Zeppelin alitumia H1260 kutunga na kurekodi mwanzoni mwa miaka ya sabini. Sina ugomvi na hilo. Anastahili sifa zake, na gitaa pia.

Kununua. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi wanalitazama gitaa kuukuu kwa macho ya mnunuzi wa kabati: linang'aa, halijakwaruzwa, basi ni zuri. Kung'aa hakuna maana. Cha kwanza hadi cha tatu ni pembe ya shingo.

Miaka sitini ya kuvutwa na nyuzi inaisogeza shingo mbele polepole, na uso nao unainuka nyuma ya daraja. Matokeo yake nyuzi zinapanda mbali na freti, vile vijiti vya chuma vya shingoni, unabonyeza kwa nguvu, vidole vinauma, na kadiri unavyopanda juu ya shingo ndivyo noti zinavyokwenda nje ya tyuni. Hili linalikuta gitaa lolote lenye shingo ya gundi na nyuzi za chuma. Martin ya mwaka 1965 ina ugonjwa huohuo. Kwenda dukani mimi hubeba rula ndefu ya chuma na kioo kidogo cha mpini, kile cha madaktari wa meno. Rula unailaza katikati ya shingo juu ya freti, uisukume hadi ifike kwenye daraja. Ikigusa juu ya ubao wa daraja, au ikapita juu yake kidogo tu, shingo ni nzima. Ikigonga ubavuni mwa daraja, shingo imesogea. Langu liligonga ubavuni, chini kabisa, na kimo cha nyuzi nene kwenye freti ya 12 kilikuwa milimita 5. Kimo ninachokitaka hapo ni milimita 2 na nusu kwa nyuzi nene, 2 kwa nyembamba.

Nilimwonyesha kijana wa duka kwa rula ileile. Alikuwa ameandika dola 650. Hakubishana, aliangalia, akakubali, tukashuka hadi 480. Muuzaji anayekubali kushika rula mwenyewe ni muuzaji wa kurudi kwake.

Angalia pia unene wa daraja. Njia ya mkato ya kushusha nyuzi bila kugusa shingo ni kulikwangua daraja liwe jembamba, na wengi wamefanyiwa hivyo zamani. Daraja lenye afya lina unene wa milimita 8 au 9. Ukiona limebaki kama nusu yake, jua tatizo la shingo lilifichwa, na utalipia daraja jipya pamoja na shingo. Kwenye Sovereign nyingi kuna vidoti viwili juu ya daraja. Chini yake zimo bolti mbili. Kwa hiyo daraja la Sovereign linaweza kuwa limeachia gundi na bado likashikiliwa na bolti, likionekana salama. Jaribu kupenyeza karatasi nyembamba nyuma yake. Karatasi ikiingia, gundi imeachia.

Kisha kioo na tochi, ndani. Tazama mahali nyuzi zinapojishika chini ya daraja: mashimo yakiwa yameliwa, vifundo vya nyuzi vinazama kwenye mbao na kuiharibu zaidi. Gonga uso kwa kifundo cha kidole, polepole, pote. Ukisikia mtetemo wa kitu kilicholegea, taruma moja limebanduka. Siyo msiba, fundi anabandika tena kwa bei ndogo, lakini uingize kwenye hesabu. Nyufa nazo zisikutishe mapema. Ufa uliozibwa vizuri, wenye vipande vidogo vya mbao vilivyobandikwa ndani kuushikilia, umekwisha kazi yake. Ufa unaofunguka ukiubonyeza ndio bado hai.

Nimemtaja fundi, na kazi yake inastahili kuelezwa. Aliing'oa freti ya 15, akatoboa tundu dogo kwenye mfereji wake hadi uwazi wa kiungo cha shingo, akapuliza mvuke. Gundi ikalainika, shingo ikachomoka nzima. Akachonga kisigino cha shingo kidogo tu, upana wa karatasi chache, ili pembe irudi, akairudisha na gundi mpya, freti ikapigwa mahali pake. Ukilitazama leo huoni kilichofanyika. Hili ndilo ninalolipenda zaidi katika magitaa ya namna hii: yaliundwa na watu waliojua kwamba siku moja mtu mwingine atayafungua. Magitaa mengi mapya ya bei sawa na hiyo, shingo ikisogea, gharama ya fundi inazidi thamani yake, yanaishia jalalani.

Fundi huyo alinipa ushauri mwingine nikaukataa. Baadhi ya watu wanaifungua Sovereign, wanatoa mataruma ya asili na kuweka mpango wa X, ili gitaa la bei ya Harmony litoe sauti ya karibu na Gibson. Kazi inafanyika, na nimesikia moja iliyofanyiwa hivyo: nzuri, pana, tamu. Lakini imekuwa gitaa jingine. Anayetaka sauti ya Gibson ajiwekee akiba anunue Gibson. H1260 zinazobaki na mataruma yake haziongezeki, na kila inayobadilishwa ni sauti moja imetoka duniani.

Hivyohivyo kwa vanishi. Usiipake upya. Vanishi ya zamani ni nyembamba, inapasuka vimistari vidogo kwa baridi na joto, na vimistari hivyo ni vyake. Katika biashara ya magitaa ya zamani inajulikana kwamba kupaka upya kunaweza kukata thamani kwa nusu, na sauti nayo inaweza kubanwa na rangi nene. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kausha, basi.

Kasoro zake nisizifiche. Shingo ni nene, na mwenye mkono mdogo atachoka. Vikazio vya nyuzi vya asili ni vya kawaida tu. Tone la mafuta limenisaidia, lakini bado nageuza kwa subira. Nondo ya shingoni ipo na inafanya kazi, ila inanyoosha shingo tu, hairudishi pembe; muuzaji akikuambia "utakaza nondo kidogo nyuzi zitashuka", anachanganya mambo mawili. Na kwa kukung'uta, kwa nyimbo za kanisani ambapo gitaa moja linabeba watu mia, ninalichukua lile la kisasa. Sovereign pale inakuwa kali, haina ule upana.

Gibson J-45 niliyoijaribu, ya miaka ya hamsini, ilinikaa vizuri mikononi kuliko zote. Modeli hiyo ilitoka mwaka 1942 huko Kalamazoo, Michigan, wakati wa vita, kiwanda kikiwa kimejaa wafanyakazi wanawake, na zile za mwanzo zinatafutwa sana. Uwe mwangalifu na za miaka ya sitini, maana nyingi zina daraja la kupandisha na kushusha kwa skrubu, na nyingine daraja la plastiki, vitu vinavyokula sauti. Martin za kabla ya vita kuu ya pili, zenye mataruma yaliyochongwa yakawa mepesi, mtindo waliouacha mwishoni mwa 1944, ni ala za ajabu, na zile za modeli ya D-28 za wakati huo zinauzwa makumi ya maelfu ya dola. Nilishika moja kwa ruhusa ya mwenyewe. Noti moja ilijaza chumba. Niliipenda kwa moyo wote, na nikaona wazi kwamba siyo ya nyimbo zangu.

Neno kwa walio mbali na nyumbani wanaotaka kusafiri nalo. Kibao cha vidole na daraja vya Sovereign za enzi hizo mara nyingi ni rozwudi ya Brazili. Mti huo umo kwenye kundi la ulinzi mkali zaidi la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992, na kuvuka nao mpaka kunahitaji karatasi. Ulizia kibali kabla ya kukata tiketi. Mwanzoni mwa 2017 miti yote ya jamii hiyo iliwekewa masharti, na mpingo wetu ni ndugu yake wa damu, nao ukaingia. Mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokamilika zikaachiwa, isipokuwa za rozwudi ya Brazili. Nikiyasoma haya nafikiria Kilwa na Lindi, na mpingo unaokwenda Ulaya ukawe zumari za okestra. Mafundi wa magitaa hapa Marekani wanautafuta kwa migongo na madaraja, wanausifu kwa sauti ya chini kama watu wanaotaja dhahabu. Natamani kwa dhati kuona gitaa la mpingo lililoundwa na fundi wa kwetu, mgongo, daraja na kibao cha vidole, likauzwa kwa jina la mahali lilipotoka.

Hali ya hewa nayo. Gitaa linataka unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Majira ya baridi Chicago, hita ikiwaka usiku na mchana, nyumba inakauka, mbao zinasinyaa na nyufa zinafunguka. Ndani ya kasha naweka sponji yenye maji kwenye kibweta chenye matundu, na kipimo kidogo cha unyevu pembeni. Dar, Tanga au Mombasa shida ni kinyume: mbao zinavimba, uso unainuka, nyuzi zinapanda. Huko liache ndani ya kasha pamoja na vifuko vya kukaushia, na usilining'inize ukuta unaopata upepo wa bahari. Popote ulipo, usiliache ndani ya gari juani. Joto lile linafanya kazi ya mvuke wa fundi bila fundi.

Kuhusu kununua mtandaoni: omba picha tatu hata kama maelezo ni marefu. Ubavuni, ikionyesha nyuzi kwenye freti ya 12 pamoja na rula. Daraja kwa upande, kuona unene. Na mhuri wa ndani. Muuzaji mmoja, simtaji, alinijibu kwamba gitaa "linapigika vizuri" na picha hakuleta. Pesa yangu ikabaki mfukoni. Maduka makubwa yaliyozoea ala za zamani, kama Elderly Instruments kule Lansing, Michigan, yana utaratibu wa kueleza kilichotengenezwa na ambacho hakijatengenezwa, na bei yao ya juu kidogo mara nyingi ina fundi ndani yake tayari.

Nyuzi ninazoweka ni nyepesi, seti inayoanzia 11, yaani nyuzi nyembamba kabisa ina unene wa inchi 0.011. Watu wanaweka za 13 wakidhani gitaa kubwa linataka nyuzi nene. Mataruma haya hayakupangwa kwa mvuto huo, na sauti haiongezeki, uso tu ndio unaoteseka.

Bei ya haki leo, kwa nionavyo sokoni hapa: H1260 yenye shingo iliyosogea, mbao nzima bila nyufa hai, dola 400 hadi 550. Iliyokwisha kupita kwa fundi, yenye risiti ya kazi, dola 1,000 hadi 1,200, na hiyo ndiyo ningemshauri anayeanza ainunue, kwa kuwa fundi anayejua kazi ya shingo hapatikani kila mji. Mwenye mkono mdogo au pochi ndogo atafute mdogo wake, H165, mahogani tupu kuanzia uso hadi mgongo, mataruma yamelazwa vilevile. Besi lake ni dogo, shahada yake ni tamu zaidi, na bado yanapatikana kwa bei ya chini ya Sovereign. Yule Papa wa Likasi ameniomba nimtafutie moja. Nimemwambia asilipe zaidi ya dola 350 kabla rula haijapita.